Kutafuta Majina ya Wanawake Njiani



Katikati ya mji wa Glasgow, katika nchi ya Scotland, pana uwanja uitwao St Enoch. Pana kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina lilo hilo, na maduka makubwa pia. Mgeni akilisoma jina hilo humfikiri mara moja Enoki wa Kitabu cha Mwanzo, yule aliyetembea na Mungu. Amekosea. Aliyepewa heshima mahali pale si mwanaume. Ni mwanamke, jina lake Thenew, mama wa Mtakatifu Mungo, msimamizi wa mji wa Glasgow.

Mapokeo ya kale yasimulia kwamba Thenew alikuwa binti wa mfalme. Kijana mmoja alimtendea jeuri, akapata mimba. Baba yake alikasirika, akaagiza atupwe toka juu ya mlima. Hakufa. Ndipo wakamtia katika mtumbwi mdogo bila kasia, wakamsukuma majini. Maji yakamchukua mpaka ng'ambo, na huko ufukoni akamzaa mtoto wake. Zamani palikuwa na kanisa dogo mahali watu waliposema kaburi lake lipo. Kisha miaka ikapita, jina likabadilika kidogo kidogo midomoni mwa watu, hata likawa Enoch. Hakuna mtu aliyekata shauri kumnyang'anya mama huyu jina lake. Lilipotea tu, kwa kuwa hakuna aliyelitunza.

Habari hiyo yatufaa kwa kuanza makala hii. Maana katika mji huohuo pana kazi moja ninayotaka kuipima mbele yenu: matembezi ya kujifunza historia ya wanawake. Watu hukusanyika, hufuata kiongozi kwa miguu, husimama hapa na pale, na kuambiwa ni mwanamke gani aliyeishi, aliyefanya kazi, aliyeteseka au aliyeshinda mahali pale. Je, kazi hiyo ni nzuri? Yafundisha kweli, au yapendeza masikio tu? Na yatuhusu nini sisi tulio mbali?

Kazi yenyewe

Walioanzisha matembezi hayo ni watu wa Glasgow Women's Library, yaani Maktaba ya Wanawake ya Glasgow. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1991 katika mtaa wa Garnethill, kwa mali kidogo na kwa nguvu za watu wa kujitolea. Ilihamahama mara kadhaa. Tangu mwaka 2013 imekaa Bridgeton, upande wa mashariki wa mji, katika jengo zuri lililojengwa hapo kale kuwa maktaba ya watu wote.

Watu wa kujitolea ndio waliochimbua habari. Walisoma magazeti ya zamani, wakatazama vitabu vya baraza la mji, wakasoma mawe ya makaburi. Halafu wakatengeneza njia za kutembea: moja ya upande wa mashariki, moja ya magharibi, moja ya mtaa wa wafanya biashara uitwao Merchant City, moja ya Garnethill, moja ya Gorbals, na moja ya makaburi makubwa yaitwayo Necropolis. Wamechapa pia ramani ndogo, ili anayependa aweze kutembea peke yake.

Pengine mtu atacheka na kusema: «Kutembea nako ni elimu? Vitabu havitoshi?» Namjibu hivi. Mzee wetu akitaka mjukuu wake ajue mpaka wa shamba, hamwambii nyumbani tu. Humshika mkono, humpeleka mpaka kwenye mti wenyewe, humwambia: «Ni huu.» Mtoto hatasahau. Miguu yake imefika, macho yake yameona. Historia nayo ni hivyo. Asomaye kitabini kwamba wanawake 29 walikufa katika kiwanda fulani atahuzunika kidogo, kisha atafungua ukurasa mwingine. Lakini asimamaye chini ya ukuta wa kiwanda kile hawezi kufungua ukurasa mwingine upesi hivyo.

Kiwanda cha mazulia

Nimekitaja kiwanda hicho kwa sababu ni mfano mkubwa. Karibu na uwanja wa majani uitwao Glasgow Green pana jengo lililokuwa kiwanda cha mazulia cha Templeton. Uso wake wapendeza ajabu: matofali ya rangi nyingi, madirisha ya mapambo, kwa kuwa aliyeuchora aliiga jumba la kifalme la Venezia, katika Italia. Wageni huja kulipiga picha. Wengi huambiwa jina la aliyelichora, huondoka wameridhika.

Lakini tarehe 1 Novemba 1889, ukuta huo ulipokuwa ungali ukijengwa, upepo mkali uliuangusha. Uliangukia vibanda vya kufumia vilivyokuwa nyuma yake. Humo walikuwamo wanawake na wasichana wakifanya kazi kwenye mitambo yao. Walikufa 29. Baadaye ukuta ulijengwa tena, na ndio huo unaosifiwa hata leo. Mahali pale pana ukumbusho wao.

Basi, tazameni nguvu ya kutembea na kiongozi anayejua. Hakubomoa kitu, hakuongeza jiwe. Amesema maneno machache tu, na jengo lile si lilelile tena. Uzuri wake haukuondoka, ila sasa wajua uzuri huo uliwagharimu nini watu wasioalikwa kuutazama.

Tena, si lazima mahali pawe na msiba. Katika Glasgow Green zimesimama mpaka leo nguzo za chuma zisizo na taa wala bendera. Mgeni hawezi kufahamu ni za nini. Ni nguzo za kuanikia nguo. Wanawake wa mitaa ya karibu walifua hapo, wakafunga kamba, wakaanika mashuka na mashati ya watu wa nyumba zao. Kwa miaka mingi sana mji ule ulivaa nguo safi kwa sababu ya mikono yao. Ni mama gani katika parokia zetu asiyeifahamu kazi hiyo? Ni nani aliyewahi kumjengea mfuaji nguo sanamu? Nguzo zile ndizo sanamu yao, lakini zahitaji mtu wa kuzisemea.

Jeshi la Bibi Barbour

Upande wa Govan, ambako meli kubwa zilijengwa, pana habari nyingine ambayo kila mkaaji wa mji aliyepanga nyumba ataielewa bila kufafanuliwa.

Ilikuwa mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Wanaume wengi walikuwa vitani. Wafanyi kazi wengi waliingia mjini kutengeneza meli na silaha, nyumba zikawa haba. Wenye nyumba wakaona njia ya faida, wakaongeza kodi. Waliokaa nyumbani kupokea barua za madai walikuwa wanawake. Mmoja wao, Bibi Mary Barbour, mke wa mfanyi kazi wa meli, aliwakusanya wenzake. Shauri lao lilikuwa rahisi: tutalipa kodi ya zamani, nyongeza hatulipi. Ikiwa tarishi wa tribinali anakuja kumtoa mtu nyumbani, mwanamke aliyewekwa zamu mlangoni atapiga kengele. Kengele ikilia, wote waliacha sufuria na beseni, wakashuka, wakaziba njia ya kuingilia, wakamtupia tarishi unga. Alirudi mweupe kama mwokaji mikate.

Kufika mwezi wa Novemba jamaa karibu 20,000 walikuwa wamekataa nyongeza. Tarehe 17 Novemba wapangaji kadhaa waliitwa tribinali. Maelfu ya watu walikuja mjini, wanawake pamoja na wanaume walioacha kazi kwenye viwanda vya meli. Mashtaka yakaachwa. Mwezi wa Desemba mwaka uleule bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuzuia kodi isipande wakati wa vita. Sheria hiyo haikuwa ya Govan peke yake, ilikuwa ya nchi nzima. Bibi Barbour mwenyewe alichaguliwa mwaka 1920 kuingia katika baraza la mji. Alifariki mwaka 1958. Sanamu yake ilisimamishwa Govan tarehe 8 Machi 2018, miaka 60 baada ya kifo chake.

Hapo naona faida ya pili ya matembezi hayo. Yafundisha kwamba historia haikufanywa katika majumba ya wakubwa tu. Ilifanywa pia ngazini, uani na mlangoni, na watu wenye mikono yenye unga.

Sanamu tatu

Tuseme neno juu ya sanamu. Hadi mwaka 2018, katika mji mzima wa Glasgow wenye sanamu nyingi za wanaume, wanawake waliokuwa na sanamu za ukumbusho kwa majina yao walihesabiwa kuwa watatu tu. Wa kwanza ni Malkia Victoria, juu ya farasi. Wa pili ni Bibi Isabella Elder. Mumewe, mwenye kiwanda kikubwa cha meli, alipokufa mwaka 1869, aliongoza kiwanda yeye mwenyewe kwa miezi kadhaa. Baadaye alitoa mali yake kwa ajili ya watu wa Govan: bustani mwaka 1885, na maktaba mwaka 1903. Tena aliwapa wanawake nyumba kwa ajili ya chuo chao, Queen Margaret College. Katika masomo hayo ndimo alimotoka Marion Gilchrist, aliyekuwa mwaka 1894 mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Scotland.

Wa tatu ni Dolores Ibárruri wa Hispania, aliyesimamishwa kando ya mto Clyde akiwa ameinua mikono yote miwili. Lakini ukisoma vizuri utaona kwamba sanamu hiyo iliwekwa kwa ukumbusho wa wanaume na wanawake waliotoka Uingereza kwenda kupigana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania. Juu ya vita hiyo Wakatoliki wengi walikuwa na mawazo yao, na sitaki kuyafufua hapa. Nasema tu: mji ulikuwa na sanamu tatu, na moja kati ya hizo tatu ni mwanamke aliyesimama kwa ukumbusho wa watu wengine. Kiongozi mwerevu hawezi kupita hapo bila kuwauliza watu wanaona nini.

Njia mbaya ya kuwakumbuka

Si kila matembezi juu ya wanawake huwapa heshima. Katika mji wa London, mtaa wa Whitechapel, kwa miaka mingi wageni hulipa fedha ili wapelekwe usiku mahali ambapo mwuaji mmoja asiyejulikana aliwaua wanawake maskini mwaka 1888. Mwuaji huyo amepewa jina la utani linalojulikana dunia nzima. Je, nani ayajuaye majina ya waliouawa? Walikuwa Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Walikuwa na wazazi. Wengine walikuwa na waume na watoto. Walitafuta fedha ya kulalia usiku mmoja. Katika mengi ya matembezi hayo huingia katika habari wakiwa wamekwisha kufa. Mwaka 2015, katika mtaa uleule wa London, nyumba moja iliyoombewa ruhusa iwe makumbusho ya historia ya wanawake ilifunguliwa ikawa makumbusho ya mwuaji huyo. Watu wengi walikasirika, nao walikuwa na haki.

Nimeleta mfano huo ili tuwe na kipimo. Matembezi juu ya wanawake yaweza kuwa mabaya kama yanawatumia wanawake kuwapa wasikilizaji baridi ya mwili. Kwa hiyo nawaambia hata viongozi wema wa Glasgow: mkifika Templeton, msianze na ukuta kuanguka. Anzeni na mitambo. Semeni msichana aliamka saa ngapi, alipewa mshahara gani, alifuma zulia la nani. Mkisema kifo tu, mtakuwa mmewafanyia kama wale wa Whitechapel, ingawa kwa sauti ya upole.

Makosa matatu ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuwachagua wakubwa tu. Ni vyepesi kutafuta «mwanamke wa kwanza»: wa kwanza kuwa daktari, wa kwanza kuingia barazani. Hao wana karatasi, picha na makaburi mazuri. Mfuaji nguo hana. Kama kiongozi hajihadhari, historia ya wanawake itakuwa tu nakala ya historia ya wakubwa, ila sasa imevaa gauni. Tena wako wanawake waliochagua wenyewe kutojitafutia jina. Mwaka 1847 masista wawili, Adelaide Vaast na Veronica Cordier, walifika Glasgow kutoka Tourcoing, Ufaransa, kufundisha watoto maskini, wakati mji ulipokuwa ukiwapokea Wairishi wengi waliokimbia njaa kwao. Baada ya miaka miwili Adelaide alikufa kwa kipindupindu. Watu wa namna hiyo hawaachi jumba lenye jina lao mlangoni. Waliacha watoto wajuao kusoma. Njia ya kutembea iliyo kamili yapaswa kuwatafuta hata hao.

Kosa la pili ni kumfanya kila mwanamke awe mtakatifu. Wako wanawake wa Glasgow waliopigania haki ya kupiga kura. Katika Kelvingrove ulipandwa mwaloni mwezi wa Aprili 1918 kwa ukumbusho wa kazi yao, baada ya baadhi ya wanawake kupewa kura mwaka ule. Mti huo ulivunjwa na dhoruba mwezi wa Oktoba 2017. Habari hiyo ni nzuri kusimuliwa. Lakini mwezi wa Januari 1914 mabomu yaliwekwa katika nyumba ya vioo ya bustani ya mimea, iitwayo Kibble Palace, na vioo vikavunjika. Waliolaumiwa ni wapiganiaji haohao wa kura. Je, kiongozi aseme habari ya mti, anyamaze juu ya bomu? Hasha. Msikilizaji si mtoto mchanga. Asimuliwe yote mawili, na kwa nini walikata tamaa hata wakafika hapo, naye apime mwenyewe kama shabaha njema yahalalisha njia mbaya. Sisi tumefundishwa kwamba haihalalishi. Lakini hatuwezi kulipima jambo tulilofichwa.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba sanamu mpya yamaliza deni. Sanamu ya Bibi Barbour ni njema. Lakini mji waweza kumsimamisha Bibi Barbour kwa shaba, na huku mama mwingine anashindwa kulipa kodi katika barabara ya pili. Kiongozi akiishia kwenye sanamu, watu wataondoka wakifurahi kwamba mambo yamekwisha. Akiwauliza, «Na leo kengele ingelia mlangoni mwa nani?» ndipo matembezi yamefanya kazi yake.

Shauri la wanaume

Najua baadhi ya wasomaji wetu wanaume wameanza kukunja uso. «Kwa nini wanawake peke yao? Historia si moja?» Ndiyo, historia ni moja. Ndiyo maana haifai kuisimulia nusu. Nyumba yenye nguzo mbili hatuisifu kwa kutaja nguzo moja.

Tena, habari za wanawake hazimfukuzi mwanaume. Bila wafanyi kazi wa meli walioacha nyundo zao siku ile ya Novemba, wanawake wa Govan wangeshinda kwa shida. Katika barabara ya Sauchiehall pana nyumba ya chai iliyofunguliwa mwaka 1903. Watu husafiri mbali kuitazama kwa ajili ya Charles Rennie Mackintosh, aliyeichora. Hakika alikuwa fundi mkubwa. Lakini aliyempa kazi hiyo, aliyemwamini, aliyelipa gharama na kuiendesha biashara, ni Kate Cranston. Na mke wa fundi, Margaret Macdonald, alikuwa fundi pia, na kazi ya mikono yake ilikuwamo humo. Ukiwataja watatu wote, Mackintosh hapungui kitu. Wewe ndiwe umeongezewa.

Wanawake wa mbali

Sasa nifikie neno ambalo kwangu ni zito kuliko yote, kwa maana linatugusa sisi.

Katika mtaa wa Merchant City barabara nyingi zina majina ya wafanya biashara: Glassford, Ingram, Buchanan. Pana barabara ya Virginia, na karibu pana barabara ya Jamaica. Majina hayo yasema wazi mali ilitoka wapi: tumbaku na sukari iliyolimwa na Waafrika waliotumwa kama watumwa ng'ambo ya bahari. Kati ya Waafrika hao walikuwamo wanawake maelfu na maelfu. Walikata miwa, walizaa watoto walioandikwa katika vitabu vya mali pamoja na ng'ombe. Hawakukanyaga Glasgow hata siku moja. Je, si wanawake wa historia ya Glasgow? Mimi naona ni wa historia hiyo kabisa, kwa kuwa mawe ya barabara zile yalinunuliwa kwa jasho lao. Hapo ndipo matembezi yanapopungukiwa kwa tabia yake yenyewe: mguu hufika tu mahali palipo karibu. Kwa wanawake hao hakuna mlango wa kuonyesha. Ni lazima mdomo wa kiongozi ufike mahali mguu usipofika.

Na kuna zaidi. Anayekwenda kwenye makaburi ya Necropolis hupita karibu na kanisa kuu la zamani la mji. Katika uwanja wa kanisa hilo pana sanamu ya David Livingstone, iliyotengenezwa mwaka 1879. Alizaliwa Blantyre, karibu na Glasgow, mwaka 1813, na tangu umri wa miaka 10 alifanya kazi katika kiwanda cha pamba. Sisi wa Kongo twamjua kwa njia nyingine. Mwaka 1871 alikaa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika Maniema yetu. Alipenda kwenda sokoni kutazama. Aliandika jinsi wanawake walivyokuja na mizigo yao, samaki na kuku na vyungu, wakibishana bei, wakicheka, wakifurahia soko.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanya biashara ya watumwa, walianza kupiga risasi katika soko lile. Watu, wengi wao wanawake, walikimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilisongamana, wengine wakajitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwa amekosa karatasi. Aliandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa matunda. Wataalamu walioyasoma upya maandishi hayo na kuyatangaza mwaka 2011 walionyesha kwamba yale ya siku zile na yale yaliyochapwa kitabuni baadaye hayasemi sawasawa kila mahali. Lakini habari yenyewe ilifika Ulaya, ikawatia watu hasira, na mwaka 1873 Sultani wa Unguja alilazimika kulifunga soko la watumwa la kisiwa chake.

Basi tazameni mambo yalivyo. Aliyeshuhudia ana sanamu Glasgow. Waliokufa ni mama na bibi za Maniema, na hatulijui jina hata moja. Kifo chao kilisaidia kufunga soko la Unguja, nao hawakupata kujua. Kama kiongozi wa matembezi akisimama mbele ya sanamu ile dakika tano tu, akawaambia watu wake, «Hapa tuwakumbuke wanawake wa soko la Nyangwe,» atakuwa ametenda haki kuliko kwa kuongeza sanamu nyingine kumi. Na akiwataja, asiwataje wakikimbia tu. Awataje kwanza wakibishana bei na kucheka, kama walivyokuwa asubuhi ile.

Hukumu yangu

Kwa hiyo naisifu kazi hii ya matembezi. Haihitaji mali nyingi: yataka watu wavumilivu wa kusoma karatasi za zamani, miguu na sauti. Ramani iliyochapwa ni njema, lakini kiongozi aliye hai ni bora, kwa kuwa ramani haiulizwi swali, wala bibi kizee hawezi kuiambia ramani: «Hapo mama yangu naye alifanya kazi.» Wagonjwa na wazee wasioweza kwenda mbali watafutiwe njia fupi au wasomewe nyumbani, wasiachwe nje, maana mara nyingi wao ndio wenye habari.

Nasi tusikae tu kuwasifu watu wa mbali. Wazee wetu wa kike wangali hai katika kila parokia. Wajua nani alifua nguo za misioni, nani alibeba matofali ya kanisa kichwani, nani alizalisha watoto wa kijiji kizima kabla ya hospitali kujengwa, nani alilima shamba lililolisha shule. Vijana wanaojua kuandika waende kwao na daftari. Waulize jina kamili, mahali, kazi. Kisha waombe waonyeshwe mahali penyewe kwa miguu: kisima, njia ya mtoni, tanuru la matofali. Waandike na mwaka, kama unajulikana.

Kazi hiyo isingoje. Thenew alikuwa mama wa msimamizi wa mji mzima, na hata hivyo jina lake liligeuka. Bibi zetu hawana mji wa kuwalindia jina. Wana wajukuu.